Waliniambia nimeshakuwa mtu wa Dodoma

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu fundi cherehani. Nimezaliwa na kukulia Temeke, na tangu niolewe tulikuwa tunakaa Tandika, nyumba ya kupanga, wapangaji watano na uani mmoja. Mume wangu ni mtumishi wa wizara. Wenzake wengi walihama zamani, serikali ilipohamia Dodoma, lakini kitengo chake kilibaki Dar mpaka mwaka jana barua yake ilipotoka. Tukafunga vitu, tukaja.

Tunakaa Nzuguni. Nyumba ni nzuri, siwezi kusema uongo. Vyumba vitatu, vigae chini, jiko la ndani, uzio na geti la chuma. Siku za mwanzo nilikuwa nazunguka chumba hadi chumba siamini kama naishi hapa. Nikapiga picha sebule, jiko, mapazia niliyoshona kwa mkono wangu, mpaka lile geti, nikaziweka WhatsApp. Marafiki zangu wa Tandika wakaandika hongera, mashallah, mwenzetu umetoka.

Hao marafiki ni wanne. Tumecheza mchezo wa pesa pamoja miaka mingi, tumeuguzana, tumefiwa pamoja. Uchungu wa mtoto wangu wa pili ulinikuta uani nafua, mume yuko kazini, na wao ndio walionipakia kwenye bajaji, mmoja mbele ameshika begi, wawili wamenibana nyuma nisidondoke. Sijawahi kuwa na ndugu zaidi ya hao.

Huku mume anatoka asubuhi kwenda Mtumba na kurudi usiku. Watoto wakienda shule nabaki na kuta. Kila mtu na geti lake. Mama wa nyumba ya mbele namwona akifagia asubuhi, tunapungiana mkono, anaingia ndani. Jina lake silijui. Nilipofika ilikuwa kipindi cha upepo na baridi, midomo ikapasuka, vumbi linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Maji yanatoka kwa zamu, kwa hiyo kuna siku kazi yangu ni kusikilizia bomba tu. Cherehani nimeifunika shuka. Kule wateja walikuwa wananifuata mpaka mlangoni, huku hakuna anayejua kama nashona. Mwanangu mkubwa yuko darasa la tatu. Alikuwa mtoto wa kelele, sasa akirudi shule anakaa chini ya ukuta anachora chora mchangani. Nikimuuliza ananiambia hana wa kucheza naye.

Haya yote sijamwambia mtu. Kwenye grupu letu wakiuliza "Dodoma vipi?" najibu safi kabisa, alhamdulillahi. Na siku niliyolia ndiyo siku ninayoweka picha nzuri zaidi.

Sasa, Shangazi, kilichonifanya nikuandikie. Mmoja wa marafiki zangu, nitamwita Mama K, amefiwa na mama yake. Yule bibi alikuwa mama yetu sote. Akipika maandazi hakuna aliyepita mlangoni kwake akakosa. Msiba nimeuona kwenye stetasi ya mtu mwingine kabisa, watu wamekaa kwenye mikeka, marehemu keshazikwa siku ya tatu. Nikaingia kwenye grupu letu, kimya. Hapo ndipo nikajua wana grupu lingine ambalo mimi simo.

Nikampigia. Akapokea, akanijibu kwa upole tu: "Mwenzangu, tuliona umeshakuwa mtu wa Dodoma, mambo yako yamenyooka, tusikusumbue na misiba yetu." Nikatuma rambirambi kwa simu. Akaandika "asante". Mpaka leo ndilo neno la mwisho.

Nataka kwenda kwenye arobaini. Mume wangu anasema ni gharama, na kwamba wao ndio walionitenga, mimi nawafuata nini. Nilipomwambia nataka nifunguke, niwaambie ninavyoishi kweli, akakataa kabisa. Anasema mambo ya ndani yasitoke nje, juzi wametupongeza, leo nikawaambie nalia, watatucheka.

Naomba uniambie, niandike ukweli kwenye grupu au nitoke tu? Na hapa nilipo nitapataje watu? Nina miaka thelathini na tatu, naona haya kuanza kutafuta marafiki.

Mama wa Wawili, Nzuguni, Dodoma

Marahaba mwanangu. Na pole sana kwa msiba.

Nimeanza na pole kwa sababu nimesoma barua yako yote sikuona mahali mtu amekupa pole. Umetuma rambirambi, umempa mwenzako pole, kisha umerudi kukaa peke yako ndani ya geti. Lakini yule bibi aliyekulisha maandazi alikuwa mama yako pia, na wewe umefiwa. Kilio chako kimechanganyika na hasira ya kutengwa ndiyo maana hujui ulie kipi. Lia msiba kwanza. Msomee dua, watoto waambie bibi yao wa Tandika amefariki, na mume wako mwambie hivyo hivyo, kwamba umefiwa. Nadhani yeye amesikia habari ya ugomvi wa marafiki, hajasikia habari ya msiba.

Kwenye grupu usitoke. Na usiandike chochote kirefu. Ukitoka leo, wiki ambayo mwenzenu yuko kwenye msiba, utakuwa umemwongezea jambo la pili la kushughulikia. Ukiandika aya tatu za maisha yako, utakuwa umeugeuza msiba wake kuwa habari yako. Yote mawili hayafai, hata kama moyo unakuambia yatakupunguzia.

Sasa tuzungumze juu ya lile neno lake, "tusikusumbue". Umelipokea kama kisu, na najua linauma. Lakini lisikilize vizuri. Hawa wanawake wamekaa miezi na miezi wanapokea kutoka kwako geti, mapazia, vigae na "safi kabisa". Mwenye mtoto aliyerudishwa shule kwa mchango ataanzia wapi kukuambia? Aliyegombana na mwenye nyumba atakupigia simu aseme nini? Mtu akiona kwa mwenzake hakuna hata doa, ya kwake anayameza. Kidogo kidogo shida zao zikatafuta njia nyingine, na hiyo njia ndiyo lile grupu lisilokuwa na wewe. Siamini kwamba siku moja walikaa wakakubaliana kukutenga. Ninavyoona mimi, waliona aibu mbele yako, na aibu hiyo hukuipanda wewe kwa makusudi. Ulitaka tu wafurahi na wewe, na ukataka wasikuhurumie.

Nao wamekosea. Nalisema waziwazi usije ukadhani nakubebesha mzigo wote. Msiba hauulizi nani ana vigae. Taarifa ya kifo cha mzazi unampa hata mtu mliyekosana, sembuse mtu aliyekula kwenye sufuria ya marehemu. Una haki ya kuliuliza hilo. Ila usimuulize Mama K, na usimuulize sasa. Likishapita la arobaini, mchague mmoja katika wale watatu, yule unayejua ana kifua, umuulize kwa sauti ya kawaida: "Jamani, kwa nini hamkuniambia?" Kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize.

Sisi tuliokulia kwenye barua za posta tulikuwa na desturi yetu. Barua ilianza, "Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ama ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako." Watoto wa leo wanaichekea. Lakini angalia mpangilio wake, anaanza msomaji, mwandishi anafuata. Kisha zinakuja salamu, na hizo zilikula nusu ya karatasi: nisalimie mama fulani, mwambie fulani nimemkumbuka, je, mguu wa babu umepona, yule mtoto aliyekuwa anajifunza kutembea ameshaweza? Waliokuwa hawana nauli ya kwenda kwao walituma kadi za salamu redioni, na mtangazaji akasoma majina ya watu kumi na zaidi kwa kadi moja. Habari yenyewe ya mtumaji mara nyingi ilikuwa mstari mmoja. Waliokaa miaka mbali na kwao, kwa barua moja kwa miezi miwili, walirudi wakakuta bado ni watu wa pale.

Simu ya leo imegeuza ule mpangilio. Picha unayoweka kwenye stetasi inaanza na wewe na kuishia na wewe, na wanaoiona ni mia, kwa hiyo hakuna hata mmoja anayehisi ameambiwa yeye. Sikukatazi kuweka picha. Nyumba umeipata kwa halali, na mapazia umeshona mwenyewe. Ila usihesabu kwamba umeongea na Mama K kwa sababu jina lake limeonekana kwenye orodha ya waliotazama.

Kwa hiyo nataka uanze upya, mmoja mmoja, kwa sauti. Sauti kwa sababu maandishi yanaficha, na wewe umeshaficha vya kutosha. Mama K mpelekee ujumbe wa sauti leo jioni, baada ya magharibi, wakati watu wamepungua. Usizidishe dakika mbili. Mimi ningesema hivi, wewe tafuta maneno yako:

"Mama K, ni mimi. Sikupigii kwa kuwa najua unapokea simu nyingi. Leo nimemkumbuka mama, nimekumbuka sauti yake akiita tukachukue maandazi. Unalala lakini? Unakula? Nani yuko na wewe usiku? Arobaini nakuja, Mungu akipenda, na nitakuja siku moja kabla nikusaidie. Usinijibu kama umechoka."

Basi. Habari za Dodoma usitie humo hata moja. Yeye atakuuliza, siku yake ikifika, na akishauliza ndipo umwambie. Ukimwambia, mwambie kitu kimoja kidogo cha kweli. Usimwambie "nateseka". Mwambie mwanao anakaa chini ya ukuta anachora mchangani. Nilipofika mstari huo kwenye barua yako nilisimama kusoma, na mama yeyote aliyelea atasimama hapo hapo. Shida ndogo iliyosemwa vizuri inampa mwenzako mahali pa kushika. Atakuambia na yake, na hapo mtakuwa mmerudi kuongea.

Wale watatu nao hivyo hivyo, kila mmoja peke yake, na kila mmoja muulize jambo ambalo ni lake tu. Mwenye biashara muulize biashara. Mwenye mkwe msumbufu muulize mkwe. Usitume ujumbe mmoja kwa wote wanne, wanatambua.

Nije kwa mumeo. Namheshimu, na neno lake lina msingi. Nyumba ina siri zake. Mshahara wake, madeni yenu, maneno mliyotupiana usiku, hayo yabaki ndani, na mwanamke mwenye akili hayatoi kwenye grupu lolote. Lakini upweke wako ni hali yako wewe. Kusema "nimewakumbuka, huku bado sijapata mwenyeji" hakumvunjii mume heshima, kama vile kusema unaumwa kichwa hakumvunjii heshima. Mweleze tofauti hiyo mkiwa mmetulia, siku ambayo hakuchelewa kurudi. Muahidi kwamba habari ya pesa na habari ya chumbani haitatoka. Kisha muombe na yeye jambo. Amehama na ofisi nzima, wenzake wako naye kila siku, anacheka nao chakula cha mchana. Wewe umehama peke yako. Inawezekana kabisa hajawahi kuliona hivyo.

Na kuhusu gharama, mpigie hesabu. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma. Safari ni chini ya saa nne, na nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilipangwa shilingi 31,000. Ukitoka asubuhi, mchana uko Tandika. Enzi ya kutegemea mabasi, zile kilomita kama 450 zilikula siku yako nzima, mtu akawa na sababu ya kutokwenda. Watoto waache na baba yao mwisho wa wiki mmoja, wala hawatakufa njaa. Nauli ya kwenda na kurudi ni pesa, silitanii hilo, lakini ni pesa ambayo cherehani yako inaweza kuitoa, na nitafika huko.

Ukienda, usiende kama mgeni kutoka makao makuu. Fika siku moja kabla ya arobaini. Usivae gauni lako zuri, jifunge kanga, ingia uani, kaa kwenye kigoda pale wanapomenya vitunguu. Omba kisu. Mambo mengi kati ya wanawake hayasemwi sebuleni, yanasemwa hapo, macho yote yakiwa kwenye sinia na machozi yana kisingizio. Huenda hakuna atakayekuomba radhi. Utapewa tu kisu na karai, na mtu atakuambia "sogea hapa", na ujue umeshasamehewa na umeshaombwa msamaha kwa pamoja. Ubebe na kitu cha huko unakoishi. Kama ni msimu wa zabibu wapelekee, Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Kama si msimu, ubuyu au karanga, na mlenda mkavu uliosagwa, ambao hauharibiki njiani.

Hapo kwenye mlenda ndipo naingia Nzuguni.

Umesema unaona haya kutafuta marafiki. Haya hiyo naijua inatoka wapi. Tumelelewa kwamba mgeni hungoja kukaribishwa. Ukihamia Tandika, mama mwenye nyumba anakuonyesha bomba, jirani anakupa ndoo ya kuanzia, jioni watoto wanakuletea sahani. Wenyeji wapo, na kazi ya kukaribisha ni yao. Sasa fikiria mtaa wenu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, watu wakazeeka wanausikia tu, halafu mwaka 2016 serikali ikaanza kuhama kweli. Ndani ya miaka michache wizara zimejengewa mji wao Mtumba, na maeneo kama Nzuguni, Iyumbu na Kisasa yakajaa nyumba mpya. Wengi wanaoishi humo wamekuja na barua ya uhamisho kama ya mumeo. Huyo mama anayefagia mbele yako huenda ametoka Tanga, au Mbeya, au Bukoba. Naye anajua mgeni hungoja kukaribishwa. Kwa hiyo mmekaa, geti kwa geti, kila mmoja anamsubiri mwenzake awe mwenyeji.

Lazima mmoja aamue kuwa mwenyeji, na nakuomba uwe wewe. Siku ya Jumamosi, pika kitu unachokijua, visheti au kalmati au hata chapati tu, weka kwenye sahani, funika na kitambaa, vuka barabara ugonge. Sema jina lako, sema unatoka Tandika, sema hujui wapi huku wanauza samaki wa maana. Sahani usiidai. Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo ni la Kitanzania popote alipotoka, atalazimika kuirudisha na kitu, na mtakuwa mmeonana mara mbili bila mtu yeyote kuona haya.

Wenyeji wa kweli wapo pia, usiwasahau. Dodoma ni kwa Wagogo, na nina hakika kuna mama anayepita mtaani kwenu na ungo au beseni la mboga. Mara nyingine akipita usinunue kupitia kwenye geti, mfungulie aketi. Msalimie "mbukwenyi" uone uso wake utakavyobadilika. Muombe akuonyeshe mlenda unavyopikwa, magadi yanawekwa kiasi gani, karanga zinaingia saa ngapi. Watu wa Pwani tunaufanyia dharau mlenda mpaka siku tunapoulia na ugali wa uwele ukiwa wa moto. Mama huyo anajua kila nyumba katika mtaa wenu, nani amejifungua, nani anaumwa, nani anatafuta fundi. Katika wiki mbili atakuwa amekufikisha kwa watu ambao geti lako lisingekufikisha kwa mwaka.

Kuna na njia za kawaida, nitazipita haraka kwa kuwa unazijua ulikotoka. Mumeo alijitambulisha kwa mjumbe na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa? Nenda na wewe, uandikwe wewe kama wewe, uulize mchango wa misiba unatolewaje. Ukianza kuchangia msiba na kwenda kukaa mkekani, hakuna anayekuuliza tena umetoka wapi. Na madrasa au darsa la kina mama, tafuta la msikiti wa mtaani kwenu. Dodoma mjini kuna ule msikiti mkubwa wa Gaddafi, mzuri sana kuuona, lakini utakaokutana nao darsani mtaani ndio watakaosikia ukiita usiku.

Sasa hiyo cherehani. Nilipofika pale ulipoandika umeifunika shuka niliumia kuliko mahali pengine pote. Mwanangu, wewe huna tatizo la kutojua watu tu. Umeacha kuhitajiwa. Tandika ulikuwa fundi, watu walikuja na kitambaa mkononi na kusimama mlangoni kwako wakiongea, na nusu ya maisha yako ya mjini ilikuwa ni hao. Ukakaa kimya ukangoja kwanza uzoee nyumba ndipo ufanye kazi. Mimi naona kinyume chake. Utaizoea ukishakuwa unafanya kazi.

Kesho itoe hilo shuka. Fremu usikodi bado, wala usichukue mkopo wowote. Vuta cherehani mpaka barazani, mahali panapoonekana kutoka barabarani, na kuanzia saa tisa alasiri acha geti wazi. Andika kibao kwa rangi, FUNDI CHEREHANI, na namba yako. Anza na kazi ndogo zinazoleta watu mara kwa mara, zipu iliyokufa, suruali ya kupunguza, sare iliyochanika. Hao watumishi wa Mtumba wote wanavaa suruali zilizonunuliwa ndefu, na wote wana watoto wa shule. Mpaka ifike Desemba uwe umeshajulikana, kwa sababu Januari kila mzazi anatafuta sare na mafundi wa sokoni wanazidiwa. Mama wa mbele mshonee kitu kimoja cha kwanza kwa bei ya chini, tena kishone vizuri kuliko kawaida yako. Nauli ya treni niliyokutajia itatoka humo, na mumeo akiona imetoka humo hatakuwa na la kusema.

Vumbi na upepo vitakuja kila mwaka ifikapo Juni na Julai, hilo halina dawa, paka mafuta mazito na ziba chini ya milango. Maji ya zamu nunua tenki au mapipa mawili, ujaze yakitoka, usikae tena kulisikiliza bomba.

Kuhusu mtoto, hilo usilipe muda. Wiki hii hii nenda shule, usipige simu, nenda, ukamwone mwalimu wa darasa. Muulize anakaa na nani dawati moja, na mapumziko yuko wapi. Muulize pia kama kuna mtoto mwenzake anayekaa upande wa Nzuguni kwenu, ili warudi pamoja. Mtoto mgeni akipata mmoja wa kutembea naye njiani, mengine yanafuata. Na jioni mpe simu awatumie wenzake wa Tandika sauti yake, awaulize nani ni golikipa siku hizi. Mpira mnunulie, hata wa bei ndogo, na ule muda wa alasiri geti likiwa wazi acheze hapo nje, wewe ukiwa barazani unashona.